Kina cha kamera ya chini ya maji: maana yake na namna ya kukizingatia unaponunua

Kina cha kamera ni umbali kutoka usoni mwa bahari kwenda chini ambao mtengenezaji anathibitisha kwamba kamera, ikiwa mpya, safi na imefungwa sawasawa, maji hayataipenya. Kwa kamera ndogo za mkononi, zile ambazo lenzi yake haibanduki na mtu hulenga na kubonyeza tu, kipimo hiki hutajwa kwa mita: Olympus TG-6 ya mwaka 2019, kwa mfano, ni ya mita 15, na Nikon Coolpix W300 ni ya mita 30. Kamera isiyostahimili maji haina kina chochote mpaka itiwe ndani ya kasha lake maalumu, na hapo kinachohesabiwa ni kina cha kasha, ambacho mara nyingi hufika mita 40 au kuzidi.

Kipimo hiki kipo kwa sababu ya uzito wa maji. Pwani tunabeba kanieneo ya hewa peke yake, yaani angahewa moja; kila mita 10 za bahari huongeza angahewa nyingine, hata kamera iliyo mita 30 chini ikawa inakandamizwa mara nne ya inavyokandamizwa pale Forodhani, ufukweni mwa mji wa Zanzibar. Kinachozuia maji yasiingie ni pete nyembamba za mpira zilizozunguka mlango wa betri na vibonyezo. Kina kikizidi, vibonyezo husukumwa ndani vikakwama, na mlango au kioo huweza kusalimu amri.

Alama ya IPX8, inayoonyesha kiwango cha kifaa kustahimili maji, inawachanganya wengi. Maana yake ni kwamba kifaa kimezamishwa katika hali ngumu kuliko ya IPX7, ambayo ni mita 1 kwa dakika 30, lakini kwa masharti aliyoyataja mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana tarakimu hiyo hiyo ya 8 huonekana kwenye simu iliyojaribiwa mita 1.5 ya maji yasiyo na chumvi na kwenye kamera ya mita 15. Anayenunua asome mita, na pia asome muda, kwa kuwa baadhi ya kamera huwekewa mpaka wa saa moja majini.

Basi mita ngapi zinatosha? Jibu linategemea namna mtu anavyoingia baharini. Anayeogelea kwa miwani na bomba la kupumulia juu ya matumbawe ya kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambako kuzamia kwa mtungi wa hewa hakuruhusiwi, hashuki zaidi ya mita chache, na kamera ya mita 15 inamtosha bila kasha. Mwenye mtungi ni habari nyingine. Cheti cha kwanza cha uzamiaji humruhusu kufika mita 18, kwa hiyo kamera ya mita 15 pekee yake inamwacha njiani katika mbizi halali kabisa. Huko Pemba, kwenye kuta za matumbawe zinazoteremka kwenye mkondo wa bahari, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu chini hakuna sakafu ya mchanga ya kumkumbusha mtu kwamba ameshuka sana huku macho yake yako kwenye samaki. Kwa mzamiaji naona kasha ni lazima, hata kama kamera yenyewe inastahimili maji: kasha likivuja kidogo, kamera iliyo ndani bado ina ulinzi wake.

Kipimo hicho hakizungumzii kuruka kutoka ngalawani. Kamera iliyoshikwa mkononi mwa mtu anayejirusha majini hupigwa na nguvu ya ghafla ambayo haikupimwa katika ndoo tulivu ya kiwandani, na vitabu vya maelezo hukataza jambo hilo waziwazi. Shuka taratibu, au mwombe nahodha akupe kamera ukiwa umeshaingia. Wala kipimo hakiihusu kamera iliyokwisha kutumika, iwe imenunuliwa sokoni Darajani au imeletwa na ndugu kutoka Ulaya, kwani pete za mpira huzeeka na kamera iliyowahi kuanguka huweza kuwa na ufa usioonekana. Kamera hiyo ihesabiwe kuwa ya kuogelea juu juu tu.

Adui mkubwa, kusema kweli, ni unywele mmoja au chembe ya mchanga mweupe iliyolala juu ya pete ya mpira, nayo huingiza maji tangu karibu na uso wa bahari, kabla kanieneo haijazibana pete hizo vizuri. Usifungue mlango wa betri ufukweni wakati wa upepo wa kusi. Kasha jipya lizamishwe kwanza likiwa tupu, na kipande cha karatasi laini ndani. Karatasi ikitoka kavu, ndipo kamera itiwe. Kila baada ya kutoka baharini, kamera ilowekwe ikiwa bado imefungwa katika maji ya mvua au ya bomba, si ya kisima cha pwani chenye chumvichumvi, kisha ikaushwe kivulini kabla ya mlango wowote kufunguliwa.