Angiografia safi, kifua bado kinabana: maswali kuhusu mishipa midogo ya moyo kwa wanawake

Nimefanyiwa angiografia, nikaambiwa mishipa iko wazi. Mbona kifua bado kinabana?

Angiografia, yaani picha ya eksirei ya mishipa ya moyo, huonyesha mishipa mikubwa inayopita juu ya moyo. Ile yenye upana usiofika nusu milimita, iliyozama ndani ya msuli, haionekani vizuri kwenye picha hiyo, na ndiyo inayogawa damu kwenye msuli wenyewe. Isipotanuka wakati moyo unahitaji damu zaidi, msuli hukosa oksijeni. Kwa hiyo kuambiwa "moyo wako mzima" ni haraka mno: kilichothibitishwa ni kwamba mishipa mikubwa haijaziba, basi.

Nini huiharibu mishipa midogo?

Utando wa ndani wa mshipa hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa upanuke. Presha, kisukari, sigara na lehemu nyingi huudhoofisha utando huo, na gesi hupungua. Presha ya muda mrefu hunenepesha pia kuta, njia ya damu ikabaki nyembamba. Kuna wengine ambao shida yao kubwa ni kukaza: mshipa hujibana ghafla, kisha huachia.

Kwa nini wanawake hasa?

Estrojeni huusaidia utando huo, nayo hushuka hedhi inapokoma. Lakini haielezi yote, maana hata wanaopata hedhi huugua. Mwambie daktari kama uliwahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, hata kama ni miaka mingi iliyopita, wengi hawaulizwi. Lupusi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) na baridi yabisi nazo huongeza hatari. Vidonge vya homoni, hata hivyo, havitolewi kwa lengo la kukinga moyo.

Dalili zikoje?

Kifua hubana kwa zaidi ya dakika 10, pengine hata 30, wakati wa kazi za kawaida za nyumbani au ukiwa na msongo wa mawazo. Wapo wanaosikia uchovu mzito na pumzi kukata tu. Dawa ya nitrogliserini ya chini ya ulimi huenda isilete nafuu haraka. Andika kila mara: saa, ulikuwa ukifanya nini, ilidumu dakika ngapi, dawa ilisaidia au la. Maelezo hayo humsaidia daktari kuliko "huwa inauma uma".

Ni kipimo gani kinachoonyesha shida hii?

Waya mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa moyo, mtiririko wa damu hupimwa ukiwa umetulia, kisha baada ya kupewa adenosini, dawa inayotanua mishipa. Usipoongezeka angalau mara 2 hadi 2.5, mishipa midogo inashukiwa. Asetilikolini, dawa nyingine, hutumika kuchokoza mkazo wa mshipa. PET au MRI ya moyo, vipimo vya picha, huweza kupima mtiririko bila waya.

Inatibiwaje?

Kwa dawa zinazopunguza kasi ya moyo au kulegeza mishipa, pamoja na statini (dawa za kupunguza lehemu) na udhibiti wa presha na sukari. Ukipanga kushika mimba, sema mapema: dawa za presha za kundi la vizuizi vya ACE (kama kaptoprili na enalaprili) ni hatari kwa mtoto tumboni, na statini kwa kawaida husimamishwa.

Lini ni dharura?

Maumivu mapya, au makali kuliko uliyozoea, au yasiyoisha ukipumzika, hasa yakiambatana na jasho la baridi, kichefuchefu au kuzirai. Tafuta msaada papo hapo, na usiendeshe gari mwenyewe. Angiografia safi ya mwaka jana isikufanye usubiri.