Keratokonasi: konea inapopoteza umbo lake

Keratokonasi ni ugonjwa wa konea, ule utando angavu unaofunika mbele ya jicho kama kioo kinavyofunika uso wa saa. Konea hukonda na kulegea, kisha maji yaliyomo ndani ya jicho huisukuma kutoka ndani mpaka ikachongoka kama ncha ya pia. Jina lake limetokana na maneno mawili, la Kigiriki lenye maana ya pembe ya mnyama na la Kilatini lenye maana ya pia. Tabibu John Nottingham wa Liverpool, Uingereza, aliueleza kwa kina mwaka 1854.

Wengi hudhani mwanga unakusanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho. Kumbe karibu theluthi mbili ya kazi hiyo hufanywa na konea. Unene wake katikati ni nusu milimita hivi, na takriban asilimia 90 ya unene huo ni stroma, tabaka la nyuzi za kolajeni zilizolazwa kwa mpangilio maalumu na kushikana kwa viungo vya kikemia. Viungo hivyo vikiwa dhaifu, nyuzi huachana, na sehemu moja, mara nyingi chini kidogo ya katikati, hukonda na kutuna. Mwanga unaopita hapo hauendi ulikotakiwa kwenda.

Hapo ndipo keratokonasi inapotofautiana na astigmatizimu ya kawaida. Katika ile ya kawaida, konea imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko, na kioo cha miwani huweza kuchongwa kikaifidia. Katika keratokonasi mbinuko hauna mpangilio: hapa umeinuka, pale umelala. Miwani husaidia mwanzoni, kisha hufika mahali ikashindwa, hata ikibadilishwa mara ngapi.

Mgonjwa huona herufi moja ikiwa na vivuli pembeni yake. Usiku, taa za magari huchanua miale na duara za mwanga. Mwanga mkali humsumbua. Alama moja ina thamani kubwa: ukifumba jicho moja na vivuli vikabaki, chanzo kiko ndani ya jicho hilo lililo wazi. Kuona vitu viwili kunakoletwa na kengeza hutoweka mara jicho moja linapofumbwa. Unaweza pia kutoboa karatasi tundu la milimita moja hivi na kuchungulia kwalo. Herufi zikisafika, tatizo liko kwenye njia ya mwanga. Jaribio hilo halikuambii kama ni keratokonasi au ni miwani tu inayohitajika, kwa hiyo lisikuzuie kwenda kupimwa.

Ugonjwa huanza mara nyingi wakati wa balehe, huenda kasi katika miaka ya ujana, kisha hupunguza mwendo mtu anapokaribia miaka 40. Kwa kawaida hushika macho yote mawili, ila moja hutangulia, na mtoto huweza kusoma kwa jicho zuri kwa muda mrefu bila mtu kugundua. Kijana ambaye namba za miwani yake zinabadilika kila baada ya miezi michache, hasa za astigmatizimu, apimwe umbo la konea. Ubao wa herufi pekee hautoshi. Kifaa cha kuchora ramani ya konea huonyesha mbinuko wa kila sehemu, na vile vya kisasa zaidi hupima pia unene na uso wa nyuma, ambako mabadiliko huweza kuonekana mapema. Anayevaa lenzi za kugusa jicho azivue kabla ya kipimo, kwa muda atakaoelekezwa: laini yapata wiki moja, ngumu wiki mbili au zaidi. Lenzi huibonyeza konea, na ramani ikatoka ya uongo.

Chanzo ni mchanganyiko wa urithi na mambo yanayoikera konea. Kati ya hayo, kufikicha macho ndilo baya zaidi, na ndilo lililo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana wenye mzio wa macho, na wenye ugonjwa wa Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada), wako katika hatari zaidi. Kumwambia mtoto "acha kufikicha" bila kutibu mwasho ni kumwonea. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, machozi ya kutengenezwa, na matone ya mzio aliyoandikiwa na daktari humwondolea haja ya kufikicha. Matone yenye steroidi yasitumiwe kiholela, kwani huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Matibabu yana kazi mbili, na kuzichanganya huleta masikitiko mengi. Kazi ya kwanza ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Ya pili ni kumwezesha mgonjwa kuona.

Kazi ya kwanza hufanywa kwa kufungamanisha upya nyuzi za kolajeni, tiba iliyotoka kwa watafiti wa Dresden, Ujerumani, ambao matokeo yao ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Katika utaratibu wao wa asili, jicho hutiwa ganzi, ngozi ya juu ya konea huondolewa, kisha matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, hudondoshwa kwa dakika 30. Baada ya hapo miale ya urujuanimno humulikwa kwa dakika nyingine 30. Mwanga na riboflavini kwa pamoja hujenga viungo vipya kati ya nyuzi. Konea inatakiwa iwe na unene wa angalau mikromita 400 (milimita 0.4), la sivyo miale huweza kudhuru seli za nyuma ambazo hazioti tena. Kukawia kunaweza kumfungia mgonjwa mlango huu. Maumivu huwa makali siku mbili tatu za mwanzo, na uoni hufifia kwa wiki kadhaa. Anayetarajia kutupa miwani baada ya tiba hii atavunjika moyo: imefaulu ikiwa konea imebaki ilivyokuwa.

Kazi ya pili hufanywa na lenzi. Lenzi ngumu hukaa mbele ya konea, machozi yakajaza mabonde yaliyo chini yake, na mwanga ukakutana na uso laini. Konea ikichongoka sana, hutumika lenzi pana zinazoegemea weupe wa jicho bila kuigusa konea, zikiwa zimejazwa maji ya chumvi tasa yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Maji ya bomba yasitumike kamwe, kwa kuwa yana vijidudu vinavyoweza kuiozesha konea. Upasuaji wa leza wa kuondoa miwani hauwafai wagonjwa hawa, maana hupunguza unene ambao tayari hautoshi.

Wakati mwingine utando wa ndani wa konea hupasuka, maji yakapenya, na jicho likawa jeupe ghafla kwa maumivu. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Huponyeka kwa wiki au miezi, lakini huweza kuacha kovu.

Kovu likizuia mwanga, au lenzi zikikataa kukaa, hubaki kupandikiza konea, ama tabaka za mbele tu au unene wote. Kubakiza tabaka la ndani la mgonjwa hupunguza hatari ya mwili kuikataa konea mpya. Nyuzi za mshono huweza kukaa mwaka mzima au zaidi, na wengi bado huhitaji lenzi baadaye. Jicho lililopandikizwa likiwa jekundu, likichukia mwanga au likiingia ukungu, aende akaonwe siku hiyo, hata kama upasuaji ulifanyika miaka mingi iliyopita.