Sifa bainifu: namna ya kumtambua samaki wa mtoni na wa mlango wa mto

Sifa bainifu ni alama ya mwilini ambayo samaki wote wa aina fulani wanayo, wakubwa kwa wadogo, na ambayo aina nyingine zinazofanana nao hazina. Si kila kinachoonekana kwa samaki kina hadhi hiyo. Rangi, ambayo ndiyo wengi wetu huitazama kwanza, ni shahidi dhaifu: hufifia mara samaki anapokufa, hutofautiana kati ya maji ya tope na maji maangavu, na kwa perege dume hubadilika kabisa wakati wa kuzaliana. Ukubwa nao hausaidii sana, kwa kuwa samaki mchanga wa aina kubwa anaweza kulingana na mkubwa wa aina ndogo. Kinachotegemewa ni maumbile yasiyobadilika kirahisi, hasa yale yanayohesabika: idadi ya mapezi na mahali yalipoota, miiba, sharubu, matundu ya pua, magamba, na ule mstari wa vitundu unaopita ubavuni ambao samaki hutumia kuhisi mtikisiko wa maji.

Mlango wa mto ni mahali pagumu kwa kazi hii, kwa sababu maji baridi na maji chumvi hukutana na kila upande huleta wakazi wake. Katika delta ya Rufiji, mvuvi anaweza kupata perege na kambale walioshuka na maji ya mafuriko, na vilevile hongwe, mkizi na chaa waliopanda na maji kujaa. Baadhi yao hufanana sana ingawa hawana udugu wa karibu.

Mfano mzuri ni samaki wenye sharubu. Sharubu ni viungo vya kugusa na kuonja, na katika maji yenye tope, ambamo macho hayafiki mbali, ndizo zinazomwongoza samaki kwenye chakula. Kwa hiyo kusema kwamba samaki ana sharubu na hana magamba hakutoshi, kwa kuwa maneno hayo yanamhusu kambale, hongwe, ngogo na hata gogogo. Inabidi kuhesabu. Kambale wa kawaida ana jozi nne za sharubu, mojawapo ikiota karibu na matundu ya pua. Hongwe ana jozi tatu tu, na hana zile za puani. Kisha utazame mgongo. Pezi la mgongoni la kambale huanzia nyuma kidogo ya kichwa na kuendelea hadi karibu na mkia, laini lote, bila mwiba hata mmoja. Pezi la hongwe ni fupi, limesimama mbele, na linatanguliwa na mwiba mgumu wenye meno kama ya msumeno. Nyuma yake, karibu na mkia, kuna kipezi kidogo cha nyama kisicho na miiba wala vijiti, ambacho kambale huyu hana. Mkia wa kambale ni wa mviringo, wa hongwe umegawanyika panda mbili. Alama hizi zikikubaliana zote, hakuna haja ya kubishana.

Ngogo ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, na sababu yake ni ya kiusalama. Naye ana jozi nne za sharubu kama kambale, na mwili wake ni mrefu vilevile, hivyo anayehesabu sharubu peke yake atadanganyika. Tofauti iko kwenye mapezi: ngogo ana pezi fupi la mbele lenye mwiba wa sumu, na miiba mingine ya namna hiyo iko kwenye mapezi ya kifuani, pezi lake la pili la mgongoni limeungana na la mkiani na la chini, mwili ukaishia kwa ncha. Ni vyema haya yatazamwe samaki akiwa bado ndani ya wavu, kabla ya kumshika kwa mkono mtupu.

Mkizi na mwatiko nao huchanganywa, hasa wakiwa wachanga, na kosa hilo lina gharama. Wafugaji wa pwani ya Kenya na Tanzania hukusanya vifaranga vya mwatiko kwenye madimbwi ya mikokoni, na vya mkizi huwa humohumo. Wakubwa wote wawili ni wa rangi ya fedha na wana mkia wa panda, ingawa panda ya mwatiko imeingia ndani zaidi. Alama ya kuamini ni mgongo: mkizi ana mapezi mawili yaliyotengana, la kwanza likiwa na miiba minne, ilhali mwatiko ana pezi moja tu, lisilo na mwiba. Mstari wa ubavuni kwa mwatiko unaonekana wazi. Kwa mkizi hauonekani. Tabia yake ya kuruka nje ya maji, iliyotupatia methali ya hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, haitoshi kumtambulisha, kwa kuwa mwatiko naye huruka.

Kwa samaki wenye umbo la nyoka swali ni fupi. Mikunga wanaopanda mito kama Tana, Pangani na Rufiji wana mapezi mawili madogo nyuma ya kichwa. Mikunga wa mawe ya baharini hawana. Kamongo, anayepatikana Tana ya chini, si mkunga hata kidogo: mapezi yake manne ni membamba mithili ya nyuzi.

Tofauti ya perege na chaa iko mahali ambapo wachache hutazama. Wote ni bapa, wenye magamba na pezi moja refu la mgongoni lenye miiba mbele. Lakini perege, pamoja na ukoo wake wote, ana tundu moja tu la pua kila upande, wakati samaki wengi, chaa akiwamo, wana mawili. Mstari wa ubavuni wa perege umekatika vipande viwili, cha juu kikiishia kuelekea nyuma ya mgongo na cha chini kikianzia katikati ya mwili hadi mkiani. Wa chaa haukatiki. Ukivuta mdomo wa chaa taratibu, huchomoza na kushuka chini kama mrija, kwa kuwa samaki huyo hula kwa kufyonza vijidudu mchangani.

Wataalamu hupanga maswali ya namna hii katika kile kinachoitwa ufunguo wa utambuzi. Kila hatua ina kauli mbili zinazopingana, na jibu la moja humpeleka msomaji kwenye jozi inayofuata mpaka abaki na jina moja. Ufunguo mzuri huanza na alama isiyo na utata, kama kuwepo kwa magamba, na huacha mwisho zile zinazohitaji darubini. Udhaifu wake ni kwamba kosa moja mwanzoni hupotosha yote yanayofuata, ndiyo maana ni busara kukagua jina lililopatikana kwa alama nyingine ambayo ufunguo haukuiuliza.

Hata hivyo kuna mahali ambapo umbo hushindwa. Perege wa asili wa Rufiji, anayejulikana kisayansi kama Oreochromis urolepis, hutofautishwa na sato aliyeletwa kutoka kwingine kwa kuangalia mkia: wa sato una mistari ya wima iliyopangika toka juu hadi chini, wa perege huyo hauna. Lakini sato akiingizwa kwenye maji ya perege wa asili, huweza kuzaana nao, na mahuluti wanaotokea huwa na mistari hafifu au iliyokatikakatika, na idadi ya miiba isiyoelekea upande wowote. Samaki wa namna hiyo hatambuliwi kwa jicho wala kwa ufunguo. Huchukuliwa kipande cha pezi lake na kupimwa vinasaba maabara.