Kabla hujamwita konda mhuni

Sidhani kama Dar es Salaam kuna mtu anayesemwa vibaya kuliko konda wa daladala. Mhuni, mvuta bangi, hana adabu, shule ilimshinda. Nafundisha sosholojia, na nikiwaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanipe mfano wa mtu anayekiuka kaida za jamii, konda hakosekani kwenye majibu. Naelewa wanakotoka. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari juzi tu, na wanakumbuka walivyoachwa vituoni jua likizama. Lakini jibu lenyewe linanisumbua, kwa sababu linafunga mjadala palepale ambapo somo letu linapaswa kuanza. Ukishasema "ni tabia yake", huna cha kuchunguza tena.

Kwa hiyo nataka nieleze mambo manne ambayo kila anayeanza sosholojia hukutana nayo, yaani utamaduni, ujamiishaji, makundi na ukiukaji wa kaida, bila kushuka kwenye daladala.

Watu wakisikia utamaduni hufikiria ngoma, mavazi na vyakula vya makabila. Sisi tunalitumia neno hilo kwa mapana zaidi: ni yale yote ambayo watu wanaoishi pamoja wanayajua, wanayatarajia na kuyatenda bila kuulizana. Angalia nauli inavyokusanywa. Konda si lazima aseme kitu. Anachezesha sarafu kiganjani karibu na sikio lako, nawe unaingiza mkono mfukoni. Aliyekaa siti ya nyuma kabisa anatoa noti ya elfu kumi, anamgusa bega wa mbele yake, naye anampa wa mbele zaidi, hadi noti imfikie konda mlangoni. Chenji inarudi kwa njia ileile, imepita kwa watu ambao hawajawahi kuonana na hawataonana tena. Mwenye hela wala hainui shingo kuangalia imefika wapi. Pembeni yake dada aliyekaa amepokea begi la kijana aliyesimama, na mtoto amepakatwa na mtu asiye ndugu yake ili asichukue siti. Akipanda mzee, konda anapaza sauti, "Mpisheni mzee hapo akae," na kijana anayejifanya amelala atatazamwa mpaka anyanyuke.

Sehemu kubwa ya hayo haikuandikwa kwenye kanuni za LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, lakini yanafuatwa kuliko zile zilizoandikwa. Tena hayana uzito sawa. Usipopokea begi la mtu, hakuna atakayekusema. Ukiichukua ile noti ya elfu kumi ukaitia mfukoni mwako, gari zima litasimama. Mmarekani William Graham Sumner aliitenganisha mizani hiyo mwaka 1906: kuna desturi ambazo ukizivunja unaonekana wa ajabu tu, na kuna zile ambazo jamii huziona ndizo zinazoishikilia isianguke. Ukitaka kujua kaida fulani ina uzito gani, usiwaulize watu, subiri mtu aivunje.

Hakuna aliyezaliwa anayajua haya. Mtoto wa miaka mitatu aliyepakatwa dirishani anamwona mama yake akitoa hela, anasikia watu wakisema "Shusha!", anaona nani anapishwa na nani hapishwi. Siku atakayopanda peke yake kwenda darasa la kwanza, tayari ni mwenyeji. Mgeni aliyeingia mjini jana hana akiba hiyo. Konda anauliza, "Magomeni kuna mtu?" Yeye anatikisa kichwa kwa heshima, kama alivyofundishwa kwao kumjibu mtu, na gari linampitisha. Abiria wanamcheka kidogo, mmoja anamweleza apaze sauti. Mara ya pili atapaza. Hivyo ndivyo ujamiishaji unavyofanya kazi: mtu anasahihishwa, mara nyingi kwa jicho au kicheko, mpaka sauti ya wenzake iwe sauti yake mwenyewe ya ndani.

Konda naye ana shule yake. Wengi huanzia stendi wakiita abiria. Siku moja konda wa gari fulani anataka kwenda kula, anamwachia kijana mzunguko mmoja kama deiwaka, yaani kibarua wa muda. Akifanya vizuri ataitwa tena. Kidogo kidogo anajifunza kuning'inia mlangoni, kukumbuka nani amelipa na nani bado katika gari lililojaa hadi mlangoni, kugonga bodi ili suka, yaani dereva, aondoe gari, kusoma kutoka mbali ishara ya dereva mwenzao kwamba mbele kuna trafiki. Hapati cheti, ila anafundishwa na kupimwa kila siku, na asiyefaa hapewi gari.

Pamoja na ujuzi huo anafundishwa pia maneno ya kujibia lawama. Mwaka 1957 wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza waliandika kuhusu vijana wanaovunja sheria Marekani, wakaonyesha kwamba wengi wao hawajazikataa kaida za jamii. Wanazijua na wanaziheshimu, ndiyo maana wanahitaji sababu za kuziweka kando kwa muda. Sikiliza kwa makini mabishano ya mlangoni utazisikia sababu hizo: "Mimi nimeajiriwa tu, muulize tajiri." "Hao trafiki wenyewe wanajua." "Akisubiri gari la nyuma atakufa?" Ya kwanza inauondoa mzigo kwa msemaji, ya pili inamgeuzia kibao anayelaumu, ya tatu inakana kwamba kuna aliyeumia. Mtu asiye na maadili hahitaji maneno haya. Anayeyatumia anajua fika kipi ni sahihi.

Sasa tuje kwenye kundi. Georg Simmel, Mjerumani aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20, alisisitiza kwamba idadi ya watu katika kundi hubadili aina ya uhusiano wenyewe. Wakiwa wawili, kila mmoja ameushika uhai wa kundi, kwani mmoja akiondoka hakuna kilichobaki. Dereva na konda wako hivyo. Konda ndiye ameshika hela zote, dereva ndiye leseni yake iko hatarini, na siku nzima hakuna anayeweza kumkagua mwenzake. Hawawezi kufanya kazi bila kuaminiana. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hayumo garini na bado anaamua karibu kila kitu kinachotokea humo. Ni tajiri, mwenye gari, na anaingia kila safari kupitia kitu kimoja: hesabu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana bila kuielewa hesabu huwezi kuelewa lolote. Madereva na makonda wengi wa daladala hawana mshahara wa mwezi wala mkataba wa maandishi wenye maana. Wanakabidhiwa gari asubuhi, na jioni wanatakiwa kupeleka kiasi kilichopangwa kwa tajiri, gari limejaa au halikujaa, mvua imenyesha au haikunyesha. Kabla ya hapo wameshatoa mafuta, wapiga debe, na faini kama wamekamatwa. Kinachobaki ndiyo riziki yao wawili, na siku nyingine hakibaki kitu. Hasara yote ya biashara imeshushwa kwa watu wawili wenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye mnyororo huo.

Sasa weka mwanafunzi kwenye mlango wa gari hilo. Kwa miaka mingi nauli ya mwanafunzi imekuwa shilingi 200, wakati mtu mzima katika siti ileile amelipa mara mbili au zaidi. Punguzo hilo ni jambo jema, jamii imekubaliana kwamba mtoto asikose shule kwa ajili ya nauli. Ila tuulize nani analigharamia. Linatoka moja kwa moja kwenye kile kinachobaki baada ya hesabu, yaani mfukoni mwa konda na dereva. Ndiyo sababu saa tisa na saa kumi alasiri unasikia "Wanafunzi wawili tu!" Ndiyo sababu gari linasimama hatua kadhaa mbele ya kituo, ili wanaowahi kushika mlango wawe watu wazima. Nimeona binti mwenye sare ameshika bomba la mlango, mguu mmoja umeshapanda, konda anamwondoa mkono taratibu kidole kimoja kimoja, bila hasira, macho yake yanatafuta abiria mwingine. Ule upole wake ndio ulionitisha. Hakuwa anamchukia. Alikuwa anapiga hesabu.

Mwanasosholojia Mmarekani Robert Merton alitoa maelezo ya jambo la aina hii mwaka 1938. Jamii huwawekea watu malengo na pia huwaonyesha njia halali za kuyafikia. Malengo yakisisitizwa mno na njia halali zikiwa finyu, ukiukaji utatokea kwa wingi mahali hapo, haijalishi umeweka watu gani. Kukatisha ruti, kukimbizana barabarani, kujaza hadi mlango usifungike, kuwakwepa wanafunzi: haya yote ni njia za kufikia lengo ambalo tajiri na familia nyumbani wanalidai kila jioni. Unaweza kumfukuza konda huyu ukaleta mwingine kutoka familia ya kanisani au ya msikitini, na baada ya wiki chache atakuwa anasema "Wawili tu!" kama yule wa kwanza. Kueleza hivi si kumtetea. Binti yule ameachwa kituoni na usiku unaingia, hilo ni kosa na linaumiza. Ninachosema ni kwamba ukilitafuta kosa hilo ndani ya moyo wa konda peke yake, utalipata nusu.

Na nusu nyingine imo ndani ya gari, imekaa. Mwanafunzi akibahatika kupanda, mara nyingi husimamishwa ili mtu mzima akae, eti kwa sababu amelipa pungufu. Tunaona ni sawa, kwani inafanana na ile heshima ya kumpisha mkubwa ambayo wote tumelelewa nayo. Lakini tazama vizuri: mzee anapishwa kwa ajili ya umri wake na uchovu wake, mtoto wa miaka minane mwenye begi zito anamnyanyukia mwanamume wa miaka thelathini kwa ajili ya shilingi mia kadhaa. Bei imevaa nguo za adabu. Sisi abiria tunanufaika na mpango huo kila jioni, na hatupazi sauti.

Jambo la mwisho ni nani mwenye nguvu ya kumpa mwenzake jina la mkosaji. Mmarekani mwingine, Howard Becker, aliandika mwaka 1963 kwamba ukiukaji si sifa iliyomo ndani ya tendo, bali ni matokeo ya watu fulani kutunga kaida na kuwabandika wengine alama ya kuzivunja. Wanafunzi wangu huliona hili kama mchezo wa maneno mpaka niwasimulie historia ya daladala zenyewe. Baada ya shirika la UDA (Usafiri Dar es Salaam) kuanzishwa mwaka 1974, usafiri wa abiria ndani ya Dar es Salaam ulikuwa wa shirika hilo la umma. Mabasi hayakutosha, watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa magari yao, wakaitwa thumni thumni, na wakawa wanakamatwa. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, magari ya binafsi yakaruhusiwa. Kazi ni ileile, barabara ni zilezile, abiria ni walewale, ila mkosaji wa jana sasa ana leseni. Majirani zetu walitangulia: Kenya, matatu ziliruhusiwa kwa tamko la Rais Kenyatta mwaka 1973, baada ya miaka ya kukimbizana na polisi.

Mwaka huohuo wa 1983 ilipitishwa pia sheria iliyojulikana mitaani kama Nguvu Kazi, ambayo kwayo watu wasio na kazi inayotambulika walisombwa mijini kama wazururaji na kupelekwa mashambani. Wauza karanga, wachuuzi wa nguo, vijana wa kwenye vituo vya mabasi, wote waliweza kuitwa wazururaji. Miongo mitatu na nusu baadaye, kuanzia mwisho wa 2018, mmachinga alipewa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000. Sinia la karanga halikubadilika.

Tangu Mei 2016 tuna kitu kingine cha kulinganisha. Kwenye mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, unalipa nauli kituoni kabla ya kupanda, na dereva ni mwajiriwa. Hakuna aliyemo ndani ya basi anayepata hasara mwanafunzi akipanda, kwa hiyo hakuna anayesimama mlangoni kusema "Wawili tu." Ugomvi tuliouita tabia ya watu umeondoka kwa kubadili namna ya kulipa. Lakini nenda kituo cha mwendokasi cha Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone milango inapofunguka. Anayepanda ni mwenye misuli. Mama mwenye mtoto mgongoni anasukumwa pembeni mara mbili, mara tatu. Konda ndiye aliyekuwa akipaza sauti, "Mpisheni mama," na sasa hayupo, wala hakuna aliyeichukua kazi hiyo.

Kazi ninayowapa wanafunzi siku hizi ni kwenda kusimama kwenye kituo cha mwendokasi na daftari. Waandike nani anaachiwa njia na nani haachiwi, nani anakemea akiona mtu mzima anamsukuma mtoto, anakemea kwa maneno gani, na aliyekemewa anajibu nini. Makondakta wote wakiondolewa mjini, kaida ya kumpisha mzee itabaki mikononi mwa nani? Sina jibu la kuwapa, na silitaki litoke kwangu.