Kreni za reli kwenye maghala: reli inaongoza mtambo, haiuzuii kupinduka

Maswali kuhusu kreni za kupanga mizigo kwenye maghala yenye rafu za kwenda juu yameongezeka katika ofisi yetu ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, hapa Mbeya. Wanaouliza ni wenye vyumba vya baridi vya parachichi Njombe na Rungwe, wafanyabiashara wa nafaka Makambako na Mbozi, na baadhi ya wanaohifadhi mizigo inayosubiri kuvuka Tunduma. Viwanja vya kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia vimepanda bei, na kupoza chumba kipana chenye dari fupi ni gharama. Mtu anaona bora ajenge kwenda juu. Hilo tunalielewa na hatuna ugomvi nalo. Kinachotuchosha ni kauli moja inayorudiwa na karibu kila anayepiga simu: "Mtambo wenyewe uko kwenye reli, utaangukaje?"

Unaanguka. Na kabla haujaanguka unaweza kuangusha paleti ya tani moja kutoka urefu wa jengo la ghorofa sita.

Behewa la TAZARA husimama juu ya reli mbili zilizoachana milimita 1,067. Kreni ya ghalani, katika muundo wake wa kawaida, husimama juu ya reli moja tu iliyofungwa sakafuni, magurudumu yake mawili yakiwa yamefuatana, na juu yake mlingoti wa mita 15, 20 au zaidi. Kwa upande wa kushoto na kulia, reli hiyo ya chini haiushikilii mlingoti hata kidogo. Inabeba uzito na kuonyesha njia, basi. Kinachouzuia mlingoti usilale ubavu ni reli ya pili, ile ya juu, ambayo rola za kichwa cha mlingoti huibana kutoka pande zote mbili.

Sasa jiulize reli ya juu imefungwa wapi. Mara nyingi imefungwa kwenye mihimili inayounganisha rafu za upande huu na za upande wa pili. Maana yake rafu ni sehemu ya kreni. Uma, yaani mikono inayobeba paleti, unapochomoka na paleti kuingia kwenye tundu la rafu, uzito wote unakuwa nje ya mstari wa reli, na mlingoti unataka kuufuata. Nguvu hiyo inapanda hadi rola za juu, inaingia kwenye reli ya juu, inapita kwenye mihimili, inashuka kwa nguzo za rafu na kuishia kwenye boliti zilizozama kwenye zege. Fundi akilegeza kiungo kimoja cha rafu ili apitishe bomba la maji ya zimamoto, ameigusa kreni. Mwenye ghala akiondoa mihimili miwili ya juu "kwa sababu haibebi mzigo", ameigusa kreni. Tumekuta yote mawili, na katika hali zote mbili jibu lilikuwa kwamba kreni yenyewe haijaguswa.

Upande huo wa kushoto na kulia ndio rahisi kuuelewa. Ugumu uko kwenye mwendo wa mbele na nyuma, kwa sababu huko reli ya juu haisaidii: rola zinateleza juu yake kwa uhuru, na mlingoti unasimama kwa nguvu ya kitako chake (fremu ya chini yenye magurudumu) peke yake.

Chukua mzigo wa kilo 1,000 ulionyanyuliwa mita 18, kwenye kreni ambayo magurudumu yake yameachana mita 4. Kreni ikiondoka kwa mchapuko (kasi ya kubadilika kwa mwendo) wa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, mzigo peke yake unahamisha takriban kilo 230 za uzito kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma. Hiyo ni kazi ya kila siku. Kreni hiyo hiyo ikifika mwisho wa njia bila kupunguza mwendo na kugonga bafa (kizuizi cha kupokea kishindo), ikasimamishwa kwa mchapuko wa mita 3 kwa sekunde kila sekunde, uzito unaohama ni zaidi ya kilo 1,370, safari hii kuelekea mbele. Hapo sijahesabu mlingoti wenyewe, wala ukweli kwamba nguvu inayokuja ghafla huupindisha mlingoti hadi karibu mara mbili ya ambavyo ungepinda kama nguvu ileile ingeongezwa taratibu. Kwa sababu hiyo bafa, swichi za kupunguza mwendo na kulabu zinazoshika kichwa cha reli si mapambo ya mtengenezaji. Tunazikagua moja moja.

Mlingoti ukishapinda huanza kuyumba. Kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyoyumba polepole na kwa muda mrefu, na uma hauwezi kuingizwa kwenye rafu mpaka utulie. Watengenezaji hulitatua hilo kwa kupanga mwendo: mchapuko unapanda na kushuka kwa ulaini badala ya kuja kwa kishindo, na wengine hupanga muda wa kuongeza na kupunguza kasi kulingana na muda wa myumbo mmoja wa mlingoti ili kreni ifike ikiwa imetulia. Vipimo hivyo viko kwenye kidhibiti, kifaa cha umeme kinachoongoza mota. Kila baada ya muda anatokea fundi mjanja wa umeme anayefungua kidhibiti na kuongeza mchapuko ili paleti nyingi zaidi ziingie kwa saa. Matokeo yake kreni inakimbia, inafika, inasimama ikitikisika, inasubiri. Muda uliookolewa njiani unaliwa na kusubiri, na viungo vya kuchomelea vya kitako vinalipa gharama.

Kwa hiyo mlingoti hauongezwi wala haukatwi. Nalisema hili kwa sababu mitambo ya mtumba imeanza kuulizwa. Ghala la kwanza kubwa la kujiendesha la aina hii lilijengwa Ujerumani mwaka 1962, na maghala ya zamani huko yanapobomolewa mitambo yake huuzwa kwa bei inayovutia. Tatizo ni kwamba kila kreni ilisanifiwa kwa jengo fulani, urefu fulani, mzigo fulani. Mlingoti uliosimikwa chini tu, ukirefushwa mara mbili kwa chuma kilekile, nguvu ileile ikisukuma juu itaupindisha mara 8. Si mara 2. Na myumbo wake utachukua muda mara 4. Ukiukata kwa gesi ili uingie kwenye ghala lako la Inyala, umebadilisha myumbo na kuacha mipangilio ya kidhibiti ikiwa ya mlingoti usiokuwepo tena, na umeweka kiungo cha kuchomelea mahali ambapo msanifu hakukiweka. Mtumba haujakatazwa. Unachotakiwa kuwa nacho ni hesabu mpya, iliyofanywa na kusainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Barua ya muuzaji inayosema mtambo ni mzima haichukui nafasi ya hesabu hiyo.

Sakafu nayo inadharauliwa. Udongo wa sehemu kubwa ya Mbeya na Rungwe umetokana na majivu ya volkano, na hautulii sawasawa kila mahali chini ya uzito. Ikiwa sakafu chini ya gurudumu moja imezama milimita 3 kuliko chini ya jingine, na magurudumu yameachana mita 4, kichwa cha mlingoti wa mita 20 kimeinama milimita 15. Kwa jicho huoni kitu. Uma unaona, kwa sababu nafasi ya kuingia kwenye tundu la rafu ni finyu. Mkaguzi anayejua kazi hushusha timazi kutoka juu ya mlingoti, kisha hupiga magoti na kuangalia pembeni mwa reli. Akikuta upande mmoja wa kichwa cha reli umesuguliwa mpaka unang'aa kama kisu, na chini yake kuna mstari mwembamba wa unga wa chuma unaonata kidoleni, anajua rola za pembeni zinabeba mzigo usio wao. Unga huo wafagiaji huuondoa kila asubuhi kwa nia njema. Tunaomba wauache siku ya ukaguzi, na siku nyingine wamwonyeshe msimamizi kabla ya kuufagia.

Kuhusu mwinuko wa eneo letu, wauzaji wengi hawaulizi na wanunuzi hawasemi. Mota za umeme na vidhibiti vyake kwa kawaida hukadiriwa kwa maeneo yasiyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 na Njombe karibu mita 2,000. Hewa ni nyepesi, inapoza vibaya, na kwa vidhibiti vingi kanuni ya kawaida ni kupunguza uwezo kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 za ziada. Ubaridi wa Njombe unasaidia, ila mtengenezaji aandike mwenyewe ni kiasi gani. Vyumba vya parachichi vina jambo lao pia: mlango ukifunguliwa hewa yenye unyevu huingia, umande hutua juu ya reli, magurudumu huteleza. Kreni inayojua mahali ilipo kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu peke yake itadanganyika. Idai ije na kipimo cha leza au utepe wa alama uliobandikwa njia nzima.

Umeme ukikatika, breki hufunga zenyewe kwa springi, na ndivyo inavyotakiwa. Jenereta likiwaka, kreni haitakiwi kuondoka yenyewe. Mtu aliyeidhinishwa ahakikishe njia iko tupu, kisha aiwashe kwa mkono. Vilevile, mzigo unaposhuka mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme. Jenereta dogo la dizeli halina pa kuupeleka. Lazima pawe na kifaa cha kuuteketeza kwa joto, vinginevyo kidhibiti kitajizima mzigo ukiwa hewani.

Halafu matetemeko. Wengine hucheka tukiligusa hili. Mbeya iko mahali matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: Rukwa, Usangu na Ziwa Nyasa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika, na mfululizo wa Desemba 2009 uliitikisa Karonga, ng'ambo tu ya Kyela. Hesabu ya rafu na reli ya juu isiyotaja tetemeko tutairudisha.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo muda mwingi unapotea bila sababu. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, sehemu ya kazi inasajiliwa OSHA. Maombi hufanyika kwa mfumo wa mtandao. Huhitaji kumtuma kijana na bahasha kutoka Makete. Michoro ya jengo iletwe kabla ya ujenzi, nasi tunasisitiza neno kabla. Kwa ghala lenye kreni ya reli, ambatisha mchoro wa njia na rafu, uzito kwenye kila gurudumu, nguvu zinazoingia kwenye reli ya juu, vipimo vya usawa wa reli baada ya kufungwa, mchoro wa umeme, na kiwango kilichofuatwa katika usanifu. Mitambo mingi ya Ulaya hufuata EN 528, kiwango cha Ulaya cha usalama wa kreni za aina hii. Andika ni toleo la mwaka gani. Mkandarasi awe amesajiliwa. Mtambo hukaguliwa na kujaribiwa na mkaguzi aliyeidhinishwa kabla ya kuanza kazi, na hurudiwa kwa vipindi vilivyowekwa, pamoja na kila baada ya matengenezo makubwa au ajali. Jaribio hufanyika na mzigo kamili. Kupandisha paleti tupu huku meneja akipiga picha hakuhesabiki.

Mlango wa njia ya kreni uwe na kufuli ambayo ufunguo wake ndio unaozima mtambo, na anayeingia aingie na ufunguo mfukoni. Ufunguo wa akiba unaoning'inia kwa mlinzi ni kosa.

Mkaguzi akikuta kasoro anaweza kutoa notisi ya kurekebisha yenye muda maalumu. Akiona hatari ya karibu atatoa notisi ya zuio, na mtambo unasimama hapo hapo, hata kama lori la parachichi liko getini. Kuendesha mtambo uliozuiwa ni kosa jingine, tofauti na kasoro ya kwanza. Makosa yanaweza kufifilishwa kwa kulipa faini au kupelekwa mahakamani. Viwango vimo kwenye sheria na kanuni zake, na sitavinukuu hapa kwa sababu hubadilika na watu huvinukuu vibaya. Asiyeridhika na notisi ana haki ya kukata rufaa kwa utaratibu uliowekwa. Kumpigia simu mkaguzi usiku si rufaa.

Kwa aliyekwisha kununua na mtambo wake uko njiani kutoka bandari ya Dar es Salaam: usianze kumwaga zege la reli. Lete kwanza michoro ya mtengenezaji na namba ya mtambo ofisini, pamoja na vipimo vya udongo wa kiwanja. Kama michoro haipo, mwambie muuzaji aitafute kabla hujamaliza kumlipa.