Antisensi haifuti jeni ya saratani

Wengi hudhani kuwa ukiingiza antisensi, yaani kipande kifupi cha DNA kilichoundwa kishikamane na RNA ya jeni fulani, kwenye seli za uvimbe, jeni inayolengwa hukatwa na kutoweka. Sivyo. DNA hubaki nzima; kinachoharibiwa ni nakala yake, RNA mjumbe, ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini.

Chukua BCL2, jeni inayozuia seli za saratani zisijiue. Antisensi moja dhidi yake, oligonukleotidi (kwa kifupi oligo) iitwayo G3139, ina herufi 18, TCTCCCAGCGTGCGCCAT, zinazooana na kodoni (vikundi vya herufi tatutatu) sita za mwanzo za RNA ya BCL2. Zikishikamana, kimeng'enya RNase H1 huikata RNA hiyo na protini mpya haitengenezwi. Ile iliyokwisha kutengenezwa bado ipo. Ndiyo maana RNA hupimwa baada ya saa 24, lakini protini baada ya saa 48 hadi 72. Anayeipima mapema huilaumu bure oligo iliyofanya kazi. Oligo ikiisha ndani ya seli, BCL2 hurudi.

Kosa la pili ni baya zaidi: seli zikifa, husemwa imethibitika kuwa zimekufa kwa sababu jeni ilizimwa. G3139 ina CG mbili, yaani mahali pawili ambapo C hufuatwa na G, ambazo zenyewe huamsha kinga ya mwili, na uti wake wa fosforothioeti (uti wa DNA uliotiwa salfa) hunasa protini nyingi zisizohusika. Hata lipidi (mafuta) ya kubebea oligo huua seli ikizidi, hivyo tenga kisima kimoja cha sahani ya kukuzia seli chenye lipidi peke yake, bila oligo. Weka pia oligo ya kulinganishia yenye urefu, kemia na idadi ileile ya CG ila mpangilio tofauti, na oligo nyingine inayolenga sehemu tofauti ya RNA hiyohiyo. Kisha rudisha BCL2 yenye kodoni zilizobadilishwa ili oligo isiishike. Seli zikiendelea kufa vilevile, sababu si kupungua kwa BCL2.