Ubao wa "siku bila ajali" na dhana nyingine potofu kuhusu ukomavu wa utamaduni wa usalama kazini

Ukifika kwenye kiwanda kikubwa au eneo la ujenzi, mara nyingi kinachokupokea getini ni ubao wa siku zilizopita bila ajali. Meneja akiulizwa utamaduni wa usalama katika kampuni yake umekomaa kiasi gani, huanza na namba iliyo kwenye ubao huo. Tathmini nyingi huharibikia hapo hapo.

Kipimo kinachotumika sana ni ngazi ya hatua tano iliyokuzwa na Patrick Hudson na Dianne Parker kwa ajili ya sekta ya mafuta, kutokana na kazi ya mwanasosiolojia Ron Westrum. Chini kabisa iko kampuni isiyojali, mradi haijakamatwa. Ya pili hushtuka ajali ikishatokea. Ya tatu ina taratibu, fomu na takwimu za kila kitu. Ya nne huitafuta hatari kabla haijaumiza mtu. Katika ya tano usalama umekuwa sehemu ya kazi yenyewe, na watu hubaki macho hata mambo yakienda vizuri. Westrum aliangalia hasa jinsi habari zinavyosafiri ndani ya taasisi. Kwenye taasisi mbovu mleta habari mbaya huadhibiwa. Kwenye taasisi nzuri hufundishwa namna ya kuileta. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha tathmini yote, na dhana nyingi potofu zinatokana na kukisahau.

Dhana: Ajali zikiwa sifuri, utamaduni umekomaa

Tarehe 20 Aprili 2010, viongozi wa kampuni ya mafuta ya BP na wa Transocean, wenye mtambo, walikuwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico. Sehemu ya ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila jeraha la kumfanya mtu akose kazi. Usiku ule kisima kililipuka na watu 11 wakafa. Jaribio la kuhakikisha kisima kimezibwa sawasawa lilikuwa limetoa ishara mbaya, nazo zikatafsiriwa kuwa nzuri.

Miaka mitano kabla yake, Machi 23, 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, kililipuka wakati mtambo mmoja ukiwashwa upya. Mnara ulijazwa kupita kiasi huku kipimo kikionyesha kwamba kimiminika kinashuka. Watu 15 walikufa, wote wafanyakazi wa wakandarasi waliokuwa ndani au karibu na ofisi za muda zilizowekwa jirani na mtambo. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na James Baker, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, liliripoti mwaka 2007 kwamba kampuni ilikuwa imechukua kupungua kwa majeraha ya mtu mmoja mmoja kama dalili kwamba hatari za mitambo nazo zimedhibitiwa.

Kuteleza kwenye ngazi na kulipuka kwa tanki havitokani na chanzo kimoja. Unaweza kulimaliza la kwanza kabisa huku la pili likikusogelea. Tena takwimu za majeraha hupimwa kwa yale yaliyoripotiwa. Idara ikiahidiwa bonasi mwezi ukiisha bila ajali, fundi aliyekatwa kidole na grenda anajua wenzake kumi na wawili watakosa hela kwa sababu yake. Anafunga kitambaa, anavaa glavu juu yake, jioni anapitia duka la dawa. Ubao wa getini unaongeza siku moja. Kwa Tanzania, fundi huyo amejiweka pia katika hatari ya kukosa fidia, maana madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huanza na ajali kuripotiwa. Zawadi za aina hii zinamwumiza mara ya pili mtu aliyekwisha kuumia, na mimi ningezifuta leo.

Dhana: Taarifa za hatari zikiongezeka, kampuni inaporomoka

Kampuni ikianza kuamsha utamaduni wake, taarifa za matukio ya kunusurika hupanda: tofali lililoanguka bila kumpata mtu, winchi iliyokwama, waya uliochubuka. Bodi ya wakurugenzi huona mchoro unapanda na kutaka maelezo. Meneja mwoga huwaambia watu wapunguze kuandika.

Hatari hizo zilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna anayezisema. Ukifanya tathmini, usiishie kuhesabu taarifa. Chukua kumi zilizoandikwa na mafundi, sio maofisa usalama, kisha ufuatilie kila moja: nani aliisoma, kilifanyika nini, na aliyeandika alirudishiwa jibu? Kama majibu mengi ni "mfanyakazi akumbushwe kuwa makini", kampuni iko hatua ya pili hata ikiwa na mfumo wa kisasa wa kuripoti kwa simu. Neno "uzembe" likijaza safu ya chanzo cha ajali, maana yake uchunguzi ulisimama pale ulipopaswa kuanza. Kwa nini kinga ya grenda ilikuwa imetolewa? Nani aliiona siku zote hizo akapita?

Dhana: Tuna cheti na tumepita ukaguzi, kwa hiyo tuko juu

Cheti cha ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha usalama na afya kazini, kinathibitisha kwamba mfumo wa usimamizi upo na unakidhi kiwango. Sheria nazo zinadai vyake: Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi wa kila miezi 12. Tanzania tuna sheria ya mwaka 2003 na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Yote haya ni ya lazima, na kampuni isiyokuwa nayo haina haja ya kuzungumzia ukomavu. Ila makaratasi yakikamilika umefika hatua ya tatu tu, na kampuni nyingi hukaa hapo miaka mingi zikidhani zimemaliza.

Tazama kibali cha kazi yenye hatari, kama kuingia ndani ya tanki. Kwenye faili kimejazwa vizuri, saini tatu, tarehe sahihi. Nenda kwenye tanki lenyewe. Mara nyingine utakuta saini zote zimewekwa saa moja asubuhi ofisini, kabla hewa ya ndani haijapimwa, na vibali vya wiki nzima vina mwandiko mmoja na wino mmoja. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, Julai 6, 1988, kibali kilichoonyesha kwamba vali ya usalama ya pampu imeondolewa kilikuwa kimeandikwa. Zamu ya usiku haikupata habari hiyo, ikaiwasha pampu. Watu 167 walikufa.

Dhana: Dodoso moja linatosha

Dodoso linasaidia, lakini hupima hisia za siku ile, tena kwa walioulizwa tu. Likigawiwa na ofisi ya rasilimali watu, majina yakiwa juu, kila mtu atajibu kwamba meneja anajali usalama. Likiwa kwa Kiingereza, wanaoelewa vizuri ni walio ofisini. Vibarua na watu wa wakandarasi, ambao ndio hupanda kwenye kiunzi na kuingia kwenye shimo, mara nyingi hawamo kabisa kwenye orodha. Kumbuka waliokufa Texas City.

Kwa hiyo changanya. Kaa na watu watano watano bila msimamizi wao. Nenda zamu ya usiku. Hudhuria kikao cha asubuhi uone kama ni mazungumzo au ni kusomewa na kutia saini. Linganisha majibu ya mameneja na ya mafundi kwa swali lile lile. Tofauti kati yao mara nyingi inasema mengi kuliko wastani.

Dhana: Kampuni nzima ina daraja moja, na ikipanda haishuki

Karakana inaweza kuwa hatua ya nne na ghala la jirani hatua ya pili, kwa sababu ya msimamizi mmoja tu. Na bosi mpya anayedai tani zaidi kwa mwezi anaweza kuharibu ndani ya muda mfupi kilichojengwa kwa miaka. Wastani wa kampuni nzima huyaficha yote hayo. Ripoti itaje kila eneo na kila zamu.

Kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu unapotathmini, waulize vibarua, si meneja: mara ya mwisho mmoja wenu kusimamisha kazi kwa sababu ya hatari ilikuwa lini, na siku ile alilipwa?